Sufuria Kwao, Mifuniko Kwetu

Tangazo la msiba wa Bi Somoe liliwekwa asubuhi kwenye kundi letu la simu, kundi la watu waliowahi kuishi au kufanya kazi upande ule wa pwani, na kabla marehemu hajaoshwa watu walikuwa wameshaanza kugombana chini yake. Wa kwanza aliandika pole. Wa pili akaandika Mungu amrehemu mpiganaji wetu. Wa tatu, mtu mzima mwenye wajukuu, akauliza mpiganaji wa nani, maana kwa kumbukumbu yake marehemu alishakisaliti chama zamani. Pole zikakoma hapo. Yakafuata mafungu kwa mafungu ya maneno, picha za viongozi, vikatuni vya kucheka na vya kutapika. Mmoja akamtoa mwenzake kundini, mwingine akamrudisha, na wakati wote huo hakuna aliyesema mazishi ni saa ngapi. Niliilaza simu kifudifudi mezani nikaenda kujichemshia chai. Nimeshaishi vya kutosha kujua kwamba mambo haya hayaishi kwa kukasirika, lakini nilikasirika, na bado nimekasirika ninapoandika. Bi Somoe hakuwa mtakatifu wa upande wowote. Alikuwa mwanamke mwenye mdomo mkali, mpenda kushinda, aliyempinga mwenyekiti mmoja wa kijiji kwa nguvu zake zote. Niliishi nyumbani kwake mwaka mzima, kwa hiyo naomba niseme ninachokijua.

Nilikuwa mwalimu mpya, miaka ishirini na mbili, nimetoka Ndanda na sanduku moja la bati. Nilipangiwa shule ya msingi ya kijiji kilichoko mbele ya Madimba, kabla hujafika Msimbati. Jina la kijiji silitaji, maana watu wake wengi wapo hai na midomo wanayo. Nyumba ya walimu ilikuwa imeezuliwa paa na upepo, kwa hiyo mwalimu mkuu akanipeleka kwa Bi Somoe, mjane anayeuza dagaa, aliyekuwa na chumba cha uani kisicho na mtu. Kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la ubao lisilofunga vizuri, na ukuta wa udongo uliopakana na jiko. Jiko lenyewe lilikuwa makuti matupu. Chochote kilichosemwa jikoni nilikisikia kitandani kwangu, nikitaka nisitake, na chochote kilichopikwa kiliingia kwenye nguo zangu. Nilifundisha hesabu mwaka mzima nikinuka dagaa, na wanafunzi hawakushangaa, maana nao walinuka dagaa.

Tulikula uani juu ya mkeka, ugali wa muhogo na dagaa wa nazi, au kisamvu kilichotwangwa na karanga, na msimu wa ming'oko, vile viazi vya porini, ulipofika tulichemsha sufuria nzima tukakaa tunamenya na kutafuna mpaka taya zikauma. Bi Somoe alikula akizungumza. Asili yake ilikuwa Myao wa Tunduru, aliolewa pwani akiwa msichana, na ingawa ufukwe ule aliujua kuliko wengi waliozaliwa pale, wenyeji hawakuacha kumkumbusha kwamba alikuja na kiatu chenye udongo mwekundu. Hilo lilikuwa la utani, na utani kule si maneno ya kupitisha muda. Myao na Mmakonde ni watani. Mtani wako anaweza kukuita mchawi mbele ya wakwe zako na huna ruhusa ya kununa. Ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kufanya kazi nzito, na katikati ya kazi hiyo anakudhihaki mpaka unacheka huku unalia. Mtani mkubwa wa Bi Somoe pale kijijini alikuwa Mmakonde mmoja aliyeitwa Bakari Namtula. Walioishi pale zamani waliniambia kwamba wawili hao walikuwa wakikutana kisimani watu wanaacha kuteka maji ili wasikilize.

Nilipofika mimi utani huo ulikuwa umekufa. Namtula alikuwa mwenyekiti wa kijiji kwa tiketi ya chama kilichokuwa madarakani, na Bi Somoe alikuwa katibu wa kina mama wa chama cha upinzani. Vyama vingi vilikuwa bado vigeni, na watu walivishika kwa mikono miwili. Siku moja Bi Somoe alimtania Namtula njiani, kitu kuhusu tumbo lake, kitu ambacho zamani kingejibiwa na tusi jingine na kicheko. Mwenyekiti akamwitia mgambo. Alisema ametukanwa akiwa kazini. Tangu hapo hawakusalimiana, na kijiji kizima kikaona huo ndio mtindo. Duka la kwa Hamisi likawa la chama kile, duka la kwa Mzee Liundi likawa la chama hiki, na mtu wa chama hiki alikuwa tayari kutembea mbali katika jua la saa saba kwenda kununua kiberiti kwa mtu wake. Mtoto wa darasa la pili aliniambia hawezi kukaa dawati moja na mwenzake kwa sababu baba wa mwenzake ni mpinzani. Nilimuuliza mpinzani ni nini. Akasema ni mtu asiyetaka watu wapate dawa.

Lakini kilichonitoa machozi ya hasira ni sufuria. Kina mama walikuwa na chama chao cha kuzikana, kilichoanza kabla hata siasa hizi hazijafika. Walichanga wakanunua sufuria kubwa za kupikia watu wengi, mifuniko yake, miiko, majamvi na makarai, na vyombo hivyo vilihudumia kila msiba na kila harusi bila kumuuliza mtu kadi yake ina rangi gani. Mwaka ule wakaamua kugawana. Mimi niliitwa niandike majina, kama mwalimu, nikakaa kwenye kigoda nikiwatazama watu wazima wakivuta majamvi huku na huku. Upande wa mwenyekiti uliongozwa na Mwanahawa, mke wa kaka yake Bi Somoe aliyehamia pwani baada yake, kwa hiyo wifi yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya polepole asiyependa kuharakishwa. Mwanahawa alidai sufuria kubwa zote ni zao kwa sababu wengi waliochanga mwanzoni walikuwa wao. Bi Somoe akasema basi zigawanywe nusu kwa nusu. Wakavutana. Mwishoni Bi Somoe akasimama akatupa kanga begani.

"Haya, chukueni sufuria zote," alisema. "Mifuniko inabaki kwetu. Tuone mtafunika kwa nini."

"Tutafunika kwa bati," alijibu Mwanahawa.

"Na ninyi mtafunika nini?" niliuliza mimi. Mifuniko ilipangwa mmoja juu ya mwingine kwenye pembe ya chumba changu, kwa sababu ndicho kilikuwa na nafasi, na kwa miezi kadhaa nilivaa na kuvua mbele ya mifuniko isiyo na sufuria. Harusi iliyofuata ilikuwa ya upande wa Mwanahawa. Walifunika pilau kwa vipande vya bati, makaa yakateleza yakaingia ndani, na wageni kutoka Chikongola, watu wa mjini waliozoea mambo mazuri, wakala wali wenye majivu juu na mbichi katikati. Bi Somoe alipoletewa habari alicheka mpaka akakohoa. Wiki chache baadaye upande wetu ulikuwa na hitima, wakapika kwenye visufuria saba vya nyumbani, kila kimoja na ladha yake, na chakula hakikutosha. Hapo hakucheka. Alisema ni hujuma.

Naandika haya na ninamsikia msomaji akicheka, na mimi pia nacheka kidogo, lakini wakati ule hakukuwa na cha kuchekesha, kwa sababu katikati ya ujinga huo Namtula alikuwa anafanya kazi yake kimya kimya. Kulikuwa na uwanja ufukweni, mahali peupe penye upepo, ambapo kina mama wote wa kijiji walikuwa na vichanja vyao vya kuanikia dagaa. Si wa chama hiki wala kile, wote. Kichanja cha Bi Somoe na cha Mwanahawa vilipakana, kwa kuwa viliwekwa na mwanamume mmoja, kaka wa mmoja na mume wa mwingine. Dagaa wa pale ndio waliomlisha Bi Somoe, waliomlipia mwanawe shule Mtwara mjini, walionilisha mimi. Bila uwanja ule hakuwa na kazi nyingine duniani. Basi wakaanza kuonekana watu wenye kamba za kupimia, vigingi vikachomekwa kwenye mchanga, na habari ikaja kwamba mwenyekiti amempata mwekezaji wa kujenga nyumba za wageni, na uwanja utazungushiwa ukuta. Kisheria lazima mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Mkutano ukaitishwa.

Nilikwenda, nikakaa nyuma na walimu wenzangu. Namtula alieleza habari za maendeleo kwa sauti nzuri. Alikuwa msemaji, hilo simnyimi. Bi Somoe akanyoosha mkono. Mimi nilijua alichokuwa anakwenda kusema, maana alikuwa amekirudia jikoni siku tatu nzima, na kilikuwa kizuri: nani amekubali, kwa faida ya nani, na kina mama watakwenda wapi. Aliposimama akaona wenzake wanamtazama, wanamtarajia, akasahau yote hayo.

"Mwenyekiti huyu ni mwizi," alisema, "na ninyi mnaomfuata ni wajinga mlionunuliwa kwa kanga na sukari. Mngekuwa na akili msingekuwa na hiyo kadi."

Upande wetu ukashangilia. Ukitaka kujua jinsi mtu anavyoweza kushangiliwa huku anazama, ungekuwepo pale. Namtula hakuhitaji tena kutetea uwanja. Alisema tu, kwa upole kabisa, "Mmewasikia wenyewe. Hilo ndilo tatizo la wale wenzetu." Mwanahawa akaanza kupiga makofi, na kina mama wote waliomzunguka wakapiga makofi, wanawake wenye vichanja pale pale, wanapiga makofi vichanja vyao ving'olewe. Nilikuwa naona mikono yao. Mingine ilikuwa bado na magamba ya dagaa. Mwenyekiti akasema uamuzi rasmi utapitishwa mkutano ujao, mwekezaji akiwepo, na watu wakatawanyika wakiimba, kila kundi wimbo wake.

Jioni hiyo nilimuuliza Bi Somoe alikuwa anampinga nani. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso. Alisema anampinga Namtula, nani mwingine. Nikamwambia Namtula hakuguswa hata unywele, walioguswa ni Mwanahawa na wenzake, ambao bila wao upande wetu hauwezi kushinda kura hata moja. Nilikuwa nimechoka na mifuniko, nimechoka na viberiti, nimechoka na mtoto wa darasa la pili, na sauti yangu ilipanda kuliko inavyompasa mpangaji. Akaniambia mimi ni mtoto, Mkristo wa bara, siasa za pwani sizijui. Nikamwambia dagaa ninawajua. Akanitazama. Akasema, "Kula ulale, Mwalimu," na kwa siku kadhaa tulizungumza mambo ya chumvi na kuni tu.

Leo mtu angenisifu kwa maneno yale, lakini hayakufanya kitu. Maneno ya kweli yakisemwa na mtu aliyechoka huwa yanasikika kama kelele nyingine. Ninaona hivyo hivyo katika kundi la simu. Kila siku yupo mmoja anayeandika tupendane ndugu zangu, na pande zote mbili zinamtukana. Isitoshe, huyo wa tupendane mara nyingi maana yake ni kwamba tunyamaze, tumwache kiongozi afanye apendavyo ili amani idumu, na mimi sikutaka Bi Somoe anyamaze. Namtula alistahili kupingwa. Nilichotaka ni apingwe yeye.

Kilichobadilisha mambo ni kifo cha mama yake Namtula, bibi kikongwe ambaye kwa muda mrefu hakuwa akitoka nje. Habari zilifika asubuhi. Kina mama wa upande wetu wakajazana jikoni kwa Bi Somoe, nikiwa upande wa pili wa ukuta najiandaa kwenda shule, na wote walikuwa na neno moja: hakwendi mtu. Wao hawakuja hitimani kwetu, sisi hatuendi msibani kwao. Kisha mlango wangu ukasukumwa bila hodi, Bi Somoe akaingia akaanza kupakua mifuniko.

"Unakwenda kumpikia nani?" mmoja wao alimuuliza kutoka nje.

"Nakwenda kwa mtani wangu," alisema. "Chama hakikunizaa Myao."

"Tutakuhesabu kama umehama."

"Hesabuni. Mwalimu, shika hii, usisimame kama mlingoti."

Hivyo ndivyo nilivyokosa shule siku ile. Tulipita katikati ya kijiji, mimi na yeye, na rundo la mifuniko kichwani kwa kila mmoja, inagongana kila hatua, watu wanatoka milangoni. Kwa Namtula watu walikuwa wengi. Walipotuona wakatupisha njia. Bi Somoe aliingia, akaweka mifuniko jikoni, akawasalimia wafiwa wanawake mmoja mmoja kwa adabu kama anavyosalimia mtu yeyote msibani, na Mwanahawa akampa mkono bila kumtazama. Wanaume walipoinua jeneza kulitoa, Bi Somoe akaenda akaketi kwenye kizingiti cha mlango, miguu imenyooshwa mbele, njia imezibwa.

Niliona mwanamgambo mmoja akimtazama Namtula kusubiri amri.

"Huyu hapiti," Bi Somoe alisema kwa sauti ya juu. "Bibi huyu nilimjua, alikuwa mtu mwema kabisa. Nataka niambiwe kwanza, huyu mwanawe alimwokota wapi?"

Hakuna aliyecheka. Namtula alikuwa amesimama nyuma ya jeneza, macho mekundu, mdomo umefunguka nusu. "Tena nataka nihakikishe na kaburi," Bi Somoe aliendelea. "Ufukwe wote ameshaupima. Isije tukafika makaburini tukakuta vigingi, bibi wa watu akaambiwa apishe wageni."

Nyuma kabisa, upande wa wanawake, mtu akaguna kicheko akakizuia. Akafuata mwingine. Nilimtazama Namtula, na niliona waziwazi mwenyekiti na mfiwa wakigombania uso mmoja. Mwenyekiti alikuwa na jibu, na mgambo alikuwa naye karibu. Lakini mtu aliyefiwa na mama anahitaji mtani wake, na ulikuwa umepita muda mrefu bila yeyote kuthubutu kumtania. Akaanza kucheka, machozi yakimtiririka, mabega yakitikisika.

"Toka mlangoni, Myao wewe," alisema. "Umekuja pwani kuolewa, hata kuogelea hujui, leo unatufundisha ufukwe."

Akatoa sarafu mfukoni akamrushia, kama ilivyo desturi, Bi Somoe akaidaka, akainuka, jeneza likapita. Msiba wote ukacheka. Mwanahawa alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, na alikuwa akimcheka mwenyekiti wake mwenyewe, mbele yake, bila kumsaliti mtu.

Baada ya hapo tulikaa jikoni mchana kutwa. Nilipewa mbuzi nikune nazi, nikakuna nazi za watu mia nikisikiliza. Kufika alasiri wanawake wa upande wetu walianza kuja mmoja mmoja, wanajifanya wamepita tu, na majamvi kwapani. Mifuniko ilikaa juu ya sufuria zake, mvuke ukabaki ndani, na hakuna aliyesema kitu kuhusu hilo, maana lingekuwa jambo la aibu kulisema. Mwanahawa alikuwa anakoroga, Bi Somoe anachochea kuni. Ni Mwanahawa aliyeanza.

"Vile vigingi ni kweli vimefika mpaka kwangu?"

"Vimepita kwako, vimeingia kwangu."

"Mume wangu aliniambia vinaishia kwenye ule mti wa mkadi wa mwisho."

"Nenda katazame mwenyewe, wifi. Miguu unayo."

Mwanahawa alikoroga kwanza. "Mkutanoni ulituita wajinga," alisema. "Mimi nikiitwa mjinga, neno la pili silisikii tena, hata liwe la kweli."

"Na mkapiga makofi."

"Tulipiga kukukomoa wewe. Nani alikuwa anamsikiliza yeye?"

Bi Somoe alisukuma ukuni ndani. Sikuwahi kumwona akiomba radhi, na hata siku ile hakuomba. Alisema, "Sitawaita tena."

"Sema wallahi."

"Mwaka huu sitawaita." Mwanahawa akatoa mguno ambao nadhani ulikuwa kicheko. Kisha wakaelewana, kwa maneno machache, wakibishana hata katika kuelewana. Mwanahawa alisema yeye Namtula hamwangushi, na wakati wa uchaguzi kura yake atampa. Bi Somoe alisema yeye hataacha kutaka aanguke, na atamwangusha akiweza. Haya, alisema Mwanahawa, lakini vichanja ni vichanja. Akaongeza sharti moja: mkutanoni Bi Somoe asifungue mdomo. Akisema hata neno moja, kina mama wa Mwanahawa watanyoosha mikono kwa hasira, hata kama ni kujimaliza wenyewe.

Sasa hapa ndipo walio katika kundi la simu wanaposema alisaliti chama, kwa hiyo nitaeleza vizuri. Wiki ile viongozi wa tawi lake walimwita. Mkutano ulifanyika uani kwetu, nilisikia kila kitu. Walimwambia uwanja ule uachwe uende. Walimwambia kwamba watu wakiumia vya kutosha watajua ubaya wa Namtula, na uchaguzi utakuwa rahisi. Mtu mzima, kanzu safi, anakunywa chai ya mwanamke na kumwambia riziki yake ni bei nzuri ya kampeni. Bi Somoe aliwauliza kati yao nani anaanika dagaa. Hakuna. Akawaambia basi wamalize chai. Walimvua ukatibu siku hiyo hiyo. Alilia usiku, nilimsikia, na kesho yake alikuwa na hasira na kila kitu mpaka kuku.

Mkutano ulijaa. Mwekezaji aliletewa kiti cha plastiki akakaa kando ya mwenyekiti, mtu mpole, anajipepea na kofia. Namtula alizungumza, kisha akasema, akimtazama Bi Somoe, kwamba wapinga maendeleo wanajulikana na leo tutawasikia tena. Alikuwa anamchokoza kwa makusudi. Hakuna kitu alichokihitaji zaidi ya mdomo wa Bi Somoe. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Alikuwa ameingiza pindo la kanga mdomoni, analitafuna. Namtula akasubiri. Akarudia, safari hii akamtaja jina. Shingo ya Bi Somoe ilikuwa imevimba mishipa, na mimi, niliyekuwa nimemwambia kwa sauti kubwa kwamba ananyanyasa watu wasiohusika, nilitamani aseme, kwa kuwa ilikuwa inaniuma kumtazama.

Aliyesimama ni Mwanahawa. Alichukua muda wake kusimama, kama kawaida.

"Mwenyekiti, mimi ni wa chama chako, na kura yangu unaijua," alisema. "Lakini nimekwenda kutazama vigingi. Kichanja changu kipo ndani. Cha Bi Asha kipo ndani. Vya sisi sote tuliokupigia makofi vipo ndani. Hukutuambia hivyo."

"Umehamia kwao lini?" Namtula aliuliza.

"Sijahama. Nimekuuliza habari ya kichanja."

Namtula alitazama upande wa Bi Somoe, akitafuta mtu wa kugombana naye, akakuta mwanamke anatafuna kanga. Akaitisha kura. Kura zilipopigwa, wa kwanza kukataa kwa mkono alikuwa Mwanahawa, kisha kina mama wake, kisha waume zao, taratibu, wakitazamana, kisha upande wetu wote. Mwekezaji akavaa kofia yake. Mwaka huo vigingi viling'olewa, vingine vikawa kuni.

Tulirudi nyumbani, na nilidhani Bi Somoe anafurahi. Alipofika uani alikaa kwenye mkeka kwa kishindo.

"Uliniona?" aliniuliza. "Alipouliza umehamia lini, nilikuwa nalo neno moja, Mwalimu, tamu, lingemmaliza. Nimelimeza. Linanichoma mpaka hapa," akajigusa kifua. Nilimuuliza ni neno gani. Akaniambia, na lilikuwa tamu kweli, na nilifurahi halikutoka.

Uchaguzi ulikuja kabla sijahamishwa. Chama chake hakikumrudishia ukatibu, kwa hiyo alifanya kampeni peke yake, kwa miguu, nyumba kwa nyumba, kumwangusha Namtula. Sikuwahi kumwona mtu akimpinga mwingine kwa bidii namna ile, vigingi, mgambo, kila kitu, kwa mpangilio, bila kumwita msikilizaji wake mjinga. Alianzia kwa Mwanahawa. Mimi nilimsindikiza. Mwanahawa alitandika jamvi, akaleta chai na mihogo ya kukaanga, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akamwongezea kikombe cha pili, kisha akamwambia hapana.